Lundo la Majani Nililolivusha Mto

Kambini, milima ya Kirigizistani

Mama Kulwa, mke wangu,

Mhola? Nimeanza na salamu ya kwetu kwa sababu huku hakuna wa kuniitikia, na mdomo wangu umeanza kuisahau. Hujambo wewe? Mgongo uliokuwa ukikuuma ukiinamia sufuria umepona, au bado unaufunga khanga na kusema umepona? Kulwa na Doto wanaionaje chekechea yao? Na mama yako, kifua kimemwachia? Mimi ni mzima wa mwili ila nimechoka. Nalisema mapema neno hilo usije ukadhani nimelificha, maana barua yote hii inatoka huko.

Utashangaa kwa nini nimeandika kama watu wa zamani badala ya kukutumia sauti. Mtandao haufiki huku juu, mpaka mtu ashuke mjini, safari ya kutwa nzima. Halafu kwenye simu huwa nadanganya. Unaniuliza, "Uko salama, Baba Kulwa?" Najibu niko poa, unaniambia bei ya unga, Doto analia, salio linakata, basi tumeshaongea. Karatasi hainikatizi. Dokta, yule mama ninayefanya naye kazi siku hizi, anashuka mjini kesho kutwa. Atazipiga picha kurasa hizi akutumie. Zikuze kwenye kioo usome taratibu, na tafadhali usisome mbele ya wateja wako wa chakula.

Unajua tulikuja huku kuchoronga mwamba, kuutoboa tukitafuta dhahabu, kama tulivyokuwa tukifanya Geita. Lakini mtambo wetu umefunikwa turubai tangu kiangazi cha huku kianze, na kisa chake ni mnyama mdogo kama ngumi mbili. Usicheke. Sheria ya huku inasema kampuni haiwezi kuchoronga mlima mpaka ijulikane ni wanyama gani wanaishi hapo, ni wa aina gani na wanafika wapi. Wenzangu wengi wamepelekwa mgodi mwingine. Mimi nikabakizwa nimbebee Dokta masanduku na kuangalia farasi, kwa kuwa meneja alisikia kwamba Wasukuma ni watu wa mifugo. Nilimwambia sisi ni watu wa ng'ombe, farasi nimemwona ukubwani. Akasema wote wana miguu minne.

Dokta anaitwa Ainura, ni mtu wa huku huku, umri wa shangazi yangu, na goti moja linamsumbua. Kiingereza chake ni cha vitabu na changu ni cha kwenye mtambo, tunakutana katikati. Siku ya kwanza kumwona huyo mnyama nilimwambia, "Dokta, huyu ni panya." Hana mkia, masikio ya duara, amekaa juu ya jiwe kama amelipia kodi. Dokta akanionyesha fuvu alilokuwa nalo kwenye boksi. Nyuma ya meno mawili makubwa ya juu kuna mengine mawili madogo yamejificha. Panya hana hayo, ila sungura anayo. Kwa hiyo huyu ni jamaa wa sungura, ingawa amekataa masikio marefu. Nami nikamweleza pimbi wetu, wale wanaoota jua kwenye mawe kule nyumbani, nikisema basi hawa watakuwa ndugu, maana ukubwa tu ndio umewatofautisha. Akatikisa kichwa. Akasema pimbi ndugu yake wa karibu ni tembo. Nilicheka mpaka pumzi ikaniishia, maana huku juu hata kucheka kuna gharama. Mwambie shangazi aache kuyapima masikio ya Doto akitafuta ni ya ukoo gani. Wasomi wenyewe hawaangalii masikio.

Jamaa za mnyama huyu wapo wengi, Mama Kulwa. Wametapakaa milima ya huku mpaka Uchina na Mongolia, na wengine wako Amerika, lakini kote huko ni kwenye baridi. Joto linamuua. Dokta anasema ukimleta kwetu Runzewe asubuhi, mchana hauoni. Ndiyo maana kila aina inakaa kwenye mlima wake na haishuki bondeni kwenda kumtembelea mwenzake, hivyo wa mlima huu na wa mlima ule wanaachana mpaka wanakuwa aina tofauti kabisa. Huyu wa hapa kwetu ilidhaniwa ni yule wa kawaida. Dokta akapeleka vinyesi na kipande kidogo cha sikio vikapimwe, majibu yakarudi kwamba ni aina nyingine, adimu, inayojulikana kwenye milima michache tu. Kambi yetu iko kando ya mto unaogawa bonde. Upande wa magharibi ndiko wanakoishi, na upande huo umefungwa, hakuna kuchoronga. Upande wa mashariki hakuonekana hata mmoja. Kampuni yote ikabaki inaangalia mashariki: kama hawapo, mtambo unawashwa, nasi tuliobaki tunapewa mikataba mipya ya miaka mitatu. Kama wapo, kazi imekwisha, kila mtu kwao.

Wakati huo ndipo nilipopata sauti yako, siku niliposhuka mjini na Dokta. "Baba Kulwa, nasikia kuna mkataba mwingine. Ukipewa usiangalie nyuma. Nyumba imefika lenta, mvua zikija tutakuwa tunalaza watoto kwenye beseni? Kaza moyo, mume wangu, sisi tupo." Niliisikiliza nimesimama nje ya duka la mikate, kisha nikairudia. Chini yake kulikuwa na sauti ya Doto anakuuliza, "Huyo ni baba wa kwenye simu?" Wewe ukamjibu, "Ndiye, msalimie." Hakunisalimia.

Sasa nikueleze nilichofanya.

Mnyama huyu ana tabia moja ambayo ingemfanya mzee wangu ampe mkono kwa heshima. Kiangazi chote anakata majani na maua, anayabeba mdomoni, anayaanika juu ya mawe, kisha anayarundika chini ya jiwe kubwa ayale theluji ikifunika kila kitu. Hata jina lake la Kirusi, nimeambiwa, maana yake ni mrundika majani. Nilipoliona lundo la kwanza sikuhitaji kufundishwa. Nikasema, hii ni ngitili. Mzee anavyozuia ile nyasi yake ng'ombe wasiiguse mpaka jua lichome kila kitu, ndivyo na huyu anavyofanya, tena bila uzio. Unajua tulivyolelewa. Mzee hakutuchapa kwa kupoteza ndama kama alivyotuchapa kwa kuingiza ng'ombe ngitilini kabla ya wakati wake.

Siku moja Dokta alikuwa magharibi na mimi nimeachwa mashariki na farasi. Katikati ya mto kuna mawe makubwa, na juu ya mawe hayo, kwa upande wa kule kwa Dokta, mnyama mmoja alikuwa ameweka lundo zuri, limejaa, limekauka vizuri. Mvua ikaanza kunyesha huko juu mlimani. Maji yakapanda. Nikaona yanalilamba lundo kwa chini. Mama Kulwa, mtoto aliyelelewa Shinyanga hawezi kusimama akaangalia malisho ya mwenzake yanakwenda na maji. Nilivua koti, nikaruka jiwe kwa jiwe, nikalizoa lundo lote kwenye koti. Kule magharibi palikuwa pameshakuwa na maji mengi, hapapitiki, nikarudi nalo nilikotoka. Nikalitafutia pango dogo kavu, nikalipanga vizuri kama mzee alivyotufundisha, mabua upande mmoja, nikaweka jiwe lisipeperushwe. Nikajiona nimefanya la maana. Hata sikumwambia Dokta, niliona si jambo la kumwambia mtu. Ukimfungia jirani mbuzi wake mvua isimpige, unakwenda kutangaza?

Baada ya muda Dokta akapita mashariki akaliona. Ndani ya majani kuna vinyesi, kwenye mabua kuna alama za meno, kila kitu halali. Akapeleka kupimwa, na ikarudi ile aina adimu, kwa kuwa ndiyo yenyewe. Siku majibu yalipokuja aliniita hemani akanikatia mkate, akafungua ramani. Upande wote wa magharibi ulikuwa na nukta nyekundu. Mashariki palikuwa na nukta moja. "Masanja," akasema, "wamevuka mto! Siku zote tulijua hawavuki mto huu. Umeona?"

Niliona. Niliona koti langu na maji. Nikafungua mdomo kumwambia, na mkate ukaingia badala ya maneno kutoka.

Hapo usidhani nilimwogopa. Sikumwogopa. Nilipiga hesabu nyingine, ya haraka kuliko ninavyoweza kuiandika. Nukta ile ikibaki, mashariki panafungwa. Mkataba haupo. Nitapanda ndege nirudi nyumbani, na wewe huwezi kunilaumu, wala mama yako, wala kaka yangu aliyenikopesha nauli. Nitasema kampuni imefunga, ni mnyama, ni sheria ya huko, ningefanyaje? Nitaingia Runzewe nikisikitika usoni na moyoni nacheka. Nilikunywa chai ya Dokta nikamwambia hongera.

Lakini Dokta si mtu wa kuridhika na nukta moja. Alisema lundo peke yake halitoshi, sharti amwone mwenyewe au amsikie. Basi kila siku tukawa tunapanda mashariki, yeye na goti lake, mimi na masanduku. Theluji ya kwanza ilishaanguka. Analala kifudifudi juu ya jiwe la baridi, darubini machoni, anasubiri. Mimi nakaa nyuma yake na farasi. Anasubiri mnyama ambaye mimi najua hayupo. Akiinuka ananishika bega ili asimame, anasema, "Labda kesho." Siku moja alianza kujitilia shaka, akaniuliza kama namwona amezeeka kwa kazi hii, kama labda macho yamechoka na kuna vijana ambao wangekwisha kumwona. Nikamwambia macho yako ni mazima, Dokta. Na hilo lilikuwa kweli, ndilo lililoniuma zaidi.

Siku iliyofuata alipojilaza nilishindwa. Nikamwambia, "Dokta, inuka. Hayupo. Lundo lile nilileta mimi."

Aliinuka akakaa. "Ulileta kutoka wapi?"

"Kwenye mawe ya mtoni. Maji yalikuwa yanalichukua."

"Kwa nini hukuliacha?"

"Lingeoza."

Akavua darubini shingoni. "Ulikuwa unajua wakati nakuonyesha ramani?"

"Nilijua."

Hakunitukana. Ningependa angenitukana, matusi ya Kirusi nimeyazoea kwenye mtambo. Alikusanya vitu vyake akateremka, na safari hii hakushika bega langu, aliteremka na fimbo. Tulipokaribia kambi nikamuuliza jambo lililokuwa likinisumbua, mwenye lile lundo atakula nini sasa. Akajibu bila kugeuka kwamba angeanza kukusanya upya, lakini majani yameshafunikwa. Nilijisikia vibaya sana, Mama Kulwa. Nilitaka kumsaidia akiba yake isipotee, na nikampotezea mimi. Siku ya pili nililibeba lile lundo lililobaki nikalirudisha magharibi karibu na mawe yale. Sijui kama ameliona.

Dokta aliifuta nukta. Aliandika kilichotokea, akampelekea meneja. Nilidhani nitafukuzwa, nikawa nimeshaanza kukunja nguo. Meneja akaniita, akanipa mkono na kucheka mpaka meno ya nyuma yakaonekana. Kwake ni habari njema, mashariki pako wazi, mtambo utafunuliwa. Akasema watu waaminifu kama mimi ndio anaowataka, akaniwekea mkataba mezani, miaka mitatu, cheo kimepanda. Akaniambia nichukue kalamu. Nikamwambia nipe muda nimwandikie mke wangu. Meneja akasema sawa, ila anataka jibu langu Dokta akirudi kutoka mjini.

Dokta naye alinijia jana jioni na birika la chai. Amenisamehe nusu, nadhani. Alisema kama ningenyamaza, mlima huu ungebaki mzima, naye angefurahi kwa kitu cha uongo, na hajui afurahi au alie. Nikamwambia hata mimi sijui. Tukanywa chai.

Sasa nimefika mahali pagumu, na mficha uchi hazai. Nilipokuwa nimenyamaza nilitaka yule mnyama anirudishe nyumbani ili mimi nisiseme neno. Amekataa kazi hiyo. Kampuni haijafunga, imefungua, na kalamu iko mezani. Hakuna wa kumsingizia tena. Kwa hiyo naandika mwenyewe kwa mkono wangu: sitasaini. Nataka kurudi nyumbani.

Najua umesimama sasa hivi, umeshika kiuno. Najua nyumba imefika lenta. Najua mkono mtupu haulambwi, na kuna watakaosema Masanja ameshindwa na baridi. Ni kweli, nimeshindwa. Si baridi peke yake. Naamka nimechoka, nalala nimechoka, nakula nyama ya kondoo na mkate sisikii ladha. Kuna siku nilikaa kwenye kitanda nikajaribu kuikumbuka sauti yako ukiwa umekasirika, ile ya kweli, si ya kwenye simu, nikaikosa, nikaogopa. Doto hanijui. Miaka mitatu mingine na Kulwa naye atakuwa hanijui, nami nitakuja nimeleta bati la kuwafunika watoto wanaoniita mgeni. Ulisema kaza moyo. Nimekaza, mke wangu, umefika mwisho wa kukaza.

Sina mpango mzuri wa kukueleza. Nitazunguka Geita niulize kwenye kampuni za uchorongaji, wako wanaonikumbuka. Nikikosa, nitafanya kazi ya kusaga mawe kwenye karasha za wachimbaji wadogo mpaka kitu kipatikane. Nikikosa hata hilo, mzee ana ng'ombe na amezeeka, nitakwenda nikamsaidie kipindi. Tutaezeka chumba kimoja, tulale humo wote wanne. Kama una wazo bora niambie, lakini usiniambie nibaki.

Nisalimie mama mkwe huko Buseresere, mpe shikamoo yangu na umwambie asinywe maji ya baridi asubuhi. Msalimie mzee wangu na umweleze habari ya mnyama mwenye ngitili, atafurahi, ila mwambie taratibu ile sehemu ya mtoni. Kaka yangu fundi wa Kambarage mwambie nauli yake naikumbuka, asinitumie ujumbe, nitakuja mwenyewe nimtazame usoni. Shangazi umeshapata salamu zake huko juu, za masikio. Jirani anayekuuzia mkaa na mkewe nao usiwasahau. Wabeja kwa kuwalea watoto peke yako muda wote huu. Sijawahi kukushukuru kwa neno lenyewe, nilikuwa nakushukuru kwa kutuma pesa, nikidhani ni kitu kimoja.

Kulwa na Doto usiwaambie siku ya kuja, wasije wakaanza kusubiri ndege ikachelewa. Wewe peke yako njoo stendi ya Runzewe. Utaniona nashuka na begi moja, nimekonda, na ndevu za huku. Ugomvi ulete, nimeukosa sana. Ila usiniulize kwanza nimeleta nini, Mama Kulwa. Nishike mkono kwanza.

Mumeo,
Masanja